Iliyokwisha Kuanguka

Kazi yangu ni kufunga plasta.
Wadi ya mifupa, ghorofa ya pili, mwaka wa kumi na moja.
Muundi naujua kwa jina na kwa mlio,
na kila Jumatatu nikiloweka bendeji nauliza,
"Uligongwa au ulianguka?"
Jibu, mara tisa kwa kumi, lina magurudumu mawili.

Kwa hiyo usinicheke
nikisimama saa nzima Barabara ya Kirinyaga
mbele ya pikipiki zilizopangwa kama wagonjwa kwenye foleni,
shingo zote zimegeukia kushoto,
nami nimekumbatia helmeti niliyoinunua mwanzo,
kabla ya pikipiki, kabla ya leseni,
kama mtu aliyenunua nepi kabla ya mimba.

Muuzaji ni Gitonga. Ana meno ya kuuzia.
"Hii ni sisi mia mbili na hamsini," asema,
akilipigapiga tangi jekundu,
nami nasikia *sisi*: watu mia mbili na hamsini
wamebanana chini ya kiti kimoja,
wananguruma, wanangoja nikosee.
"Panda, madam."
Napanda. Vidole vya miguu vinaitafuta lami
kama mkono unaotafuta swichi gizani.
Naujua mfupa utakaovunjika.
Ni wa kushoto, juu kidogo ya kifundo.
Nashuka.

"Basi kuna nyepesi."
Nyepesi ni ya manjano, mpya, bado ina nailoni kwenye kiti.
Najiona kwenye tangi lake, uso umevimba,
macho yamehamia karibu na masikio.
Hiyo nayo sikuiamini.
Kitu kisicho na alama hata moja
hakijakwambia lolote.

(Mama alipiga simu kutoka Mwingi:
"Wavinya, si ununue ng'ombe?"
Nikamwambia ng'ombe hatanitoa Kayole saa kumi alfajiri.
"Lakini ng'ombe havunji mtu mguu."
Sikumweleza kuhusu yule mgonjwa wa Machi.)

Ukweli wenyewe ni huu.
Kuna kijana nilimfunga mguu mzima, mpaka nyonga.
Nikamwuliza kama atapanda tena.
Akanitazama kana kwamba nimemwuliza kama atakula tena.
"Sista," akasema, macho kwenye dari,
"pale Outering, kabla magari hayajaamka,
kuna baridi fulani huingia kwenye mikono ya koti..."
Hakumaliza. Dawa ilimchukua.
Ile baridi nikaenda nayo nyumbani,
na mpaka leo sijairudisha.

Nyuma kabisa, karibu na rundo la tairi,
nyeusi, sisi mia moja ishirini na tano,
kioo kimoja chake, kingine cha kuazima,
na mkwaruzo mrefu ubavuni.
"Na hiyo?"
Gitonga akapunguza sauti, kama ndugu wa marehemu.
"Hiyo ilianguka. Kidogo tu. Tena ilikuwa imeegeshwa."

Nikapitisha kidole juu ya mkwaruzo
jinsi ninavyopitisha juu ya ngozi
wiki ya sita, plasta ikishakatwa,
nikitafuta kama kumeunga.
Kumeunga.

Nikapanda.
Bi Nekesa anayetufundisha uwanja wa Jamhuri
hupenda kusema, macho yatakudanganya, uliza nyayo.
Nikaziuliza.
Zilitua zote mbili, na visigino,
zikalala chini kama chapati kwenye kikaango.
"Naichukua hii," nikasema.
"Angalau mmoja wetu awe na uzoefu."

Getini ilinizimikia mara tatu.
Mlinzi ameinua mnyororo, ameushika hewani,
hacheki, anahesabu tu kimoyomoyo, namwona midomo.
Mara ya nne klachi ikakubali
nikafika mpaka kwa muuza betri,
hatua ishirini, labda ishirini na mbili,
nikasimama, nyayo chini, magoti yakitetemeka,

pikipiki gia ya kwanza,
moyo gia ya tano.